Francis Crick baada ya DNA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwanafizikia aliyehamia kwenye ubongo

Kila nikimtaja Francis Crick mahali, mtu hunikatiza: si yule wa DNA? Ndiye. Ila ukipiga hesabu ya miaka utakuta ubongo ulimchukua muda sawa na ule uliochukuliwa na DNA, pengine na zaidi kidogo, na nusu hiyo ya pili ya kazi yake haisimuliwi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana utamu, mengine kwa mistari miwili kwa sababu hayana.

Kwa ufupi, Crick ni nani?

Mwingereza, aliyezaliwa tarehe 8 Juni 1916 Weston Favell, kando ya Northampton, mji wa washona viatu. Baba yake, Harry, aliendesha kiwanda cha viatu cha familia pamoja na ndugu yake. Mtoto huyo alisomea fizikia, akatengeneza mabomu ya baharini wakati wa vita, akaingia kwenye baiolojia mwaka 1947, akagundua umbo la DNA pamoja na James Watson mwaka 1953, akapata Nobeli mwaka 1962, na mwaka 1976 akafunga virago kwenda California kuanza upya na ubongo. Alifariki huko tarehe 28 Julai 2004 akiwa na miaka 88.

Utotoni alikuwa na hofu moja ya ajabu: kwamba atakapokuwa mkubwa, kila kitu kitakuwa kimeshagunduliwa. Mama yake alimtuliza kwamba yatabaki mengi tu.

Alikuwa kichwa tangu shuleni?

Kwa vyeti, hapana. Digrii yake ya fizikia aliipata University College London mwaka 1937, na ilikuwa ya daraja la pili. Kazi ya utafiti aliyopewa na profesa wake, Edward Andrade, ilikuwa kupima mnato wa maji yaliyofungiwa chini ya shinikizo katika joto la kati ya nyuzi 100 na 150. Baadaye alisema hakuna mradi unaochosha kama ule. Alishajenga chombo chake vita vilipoanza. Bomu la Wajerumani likakiangukia kikavurugika, naye hakukirudia tena.

Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1954 tu, tena kwa kazi ya protini. Maana yake ni kwamba siku DNA inatangazwa duniani, mmoja wa watangazaji alikuwa mwanafunzi wa miaka 36 ambaye hajamaliza.

Wakati wa vita alifanya nini?

Alifanya kazi katika idara ya utafiti ya jeshi la majini la Uingereza, kwenye mabomu ya kutega baharini yasiyosubiri kuguswa. Yalikuwa ya aina mbili: ya sumaku, yanayoshtuka meli ya chuma ikipita juu yake, na ya sauti, yanayosikiliza injini.

Wajerumani nao hawakulala. Walikuwa na meli maalumu zilizoimarishwa, zilizobeba sumaku kali sana, ili bomu lishtuke na kulipuka likiwa bado mbele, meli ipite salama. Crick na wenzake wakaunda bomu lililofanywa zito wa kusikia kwa makusudi. Sumaku ya mbali halijali. Linangoja mpaka meli yenyewe iko juu yake kabisa. Kazi ya mauti, sikatai. Lakini ndani yake kuna tabia utakayoiona tena katika maisha yake: kutafuta kwanza adui anategemea nini, kisha kumnyang'anya hicho hicho.

Hiki "kipimo cha umbea" ni kitu gani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Vita vilikwisha akiwa na miaka kama 30, cheti cha wastani, ujuzi wa mabomu, na hana hakika aende wapi. Siku moja akajikuta anawasimulia maofisa wa jeshi la majini habari za penisilini na dawa za jamii yake, kwa bashasha, wakati yeye mwenyewe alikuwa amezisoma juujuu tu. Akashtuka. Akajiuliza kwa nini anasimulia jambo asilolijua vizuri, na hakuna aliyemtuma. Akafikia uamuzi kwamba unachokipigia umbea ndicho unachokipenda kweli.

Umbea, kama tunavyoujua, hauna mshahara. Mtu haupigi kwa sababu kaambiwa na bosi. Ukikaa barazani ukasikiliza mtu anarudia rudia nini, umeshamjua. Crick akajisikiliza mwenyewe namna hiyo, akakuta mazungumzo yake yanarudi kwenye mambo mawili: mpaka kati ya kitu kilicho hai na kisicho hai, na jinsi ubongo unavyofanya kazi.

Angalieni hapo. Ubongo ulikuwa kwenye orodha tangu miaka ya 1940. Watu husema Crick alipata DNA kisha akachoka akatafuta kitu cha uzeeni. Sivyo. Alichagua la kwanza kwa sababu lilikuwa karibu zaidi na fizikia yake, na la pili akaliweka kiporo kwa miaka thelathini.

DNA: waliiba?

Walitumia vipimo vya Rosalind Franklin, mtafiti wa London aliyeichunguza DNA kwa eksirei, bila yeye kujua ni kwa kiasi gani. Picha maarufu ya eksirei, namba 51, ilipigwa mwaka 1952 na Raymond Gosling, mwanafunzi aliyefanya kazi chini ya Franklin. Maurice Wilkins, aliyefanya kazi maabara moja na Franklin, alimwonyesha Watson picha hiyo Januari 1953. Crick naye alizipata takwimu za Franklin kupitia ripoti ya ndani aliyopewa na Max Perutz, mkuu wake wa kazi. Kuzitafsiri takwimu zile hadi kuona kwamba nyuzi mbili za DNA zinaelekea pande zinazopingana ilikuwa kazi yake Crick, na ilihitaji kichwa. Lakini shukrani waliyoiandika kwenye makala yao katika jarida la Nature la tarehe 25 Aprili 1953 ilikuwa nyembamba mno. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na Nobeli haipewi marehemu.

Mchoro wa ngazi iliyosokotwa kwenye makala ile, ambao hadi leo umejaa kwenye vitabu vya shule, ulichorwa na mke wake Crick, Odile, aliyekuwa msanii.

Kwa nini mtu mwenye Nobeli aanze upya akiwa na miaka 60?

Kwa sababu swali lake la kwanza lilikuwa limejibiwa. Kufikia mwaka 1966 jedwali la lugha ya jeni lilikuwa limekamilika: herufi tatu tatu, kila fungu na asidi yake ya amino, yaani tofali lake la kujengea protini. Yaliyobaki yalikuwa mengi, lakini yalikuwa ya kujaza. Mwaka 1976 akaenda Taasisi ya Salk, La Jolla, kwenye majabali yanayotazama Bahari ya Pasifiki, kwa likizo ya utafiti ya mwaka mmoja. Hakurudi Cambridge kufanya kazi tena.

Kitu kimoja husahaulika. Kwenye ubongo alikuja kama mgeni. Hakuwahi kupasua ubongo wa panya wala kuchomeka elektrodi, na kwenye mikutano ya wanasayansi wa neva wapo waliomwona mzee maarufu anayejipitisha kwa watu. Alianza kwa kusoma anatomia, somo ambalo wanafizikia wengi hulikimbia kwa sababu ni la majina matupu. Yeye alisema huwezi kudhani mashine inafanya nini kabla hujajua waya upi unakwenda wapi.

Alikuwa na maabara?

Hapana. Alikuwa na meza, makabrasha na wageni. Mtafiti alialikwa, akakaa siku mbili tatu, akaulizwa maswali hadi akachoka. Pia kulikuwa na kikundi kidogo cha wanasayansi wa kusini mwa California, waliokiita Helmholtz, kwa jina la Mjerumani wa karne ya 19 aliyekuwa mwanafizikia na mwanafiziolojia kwa pamoja. Walikutana kila mwezi, wakamsikiliza mzungumzaji mmoja au wawili, wakambana.

Wageni asiowataka alikuwa na dawa yao. Alichapisha kadi yenye orodha ya mambo ambayo Dkt. Crick anasikitika kwamba hawezi kuyafanya: kutuma saini yake, kutoa picha, kuponya ugonjwa wako, kuhojiwa, kutokea kwenye televisheni, kusoma mswada wako, kuhutubia baada ya chakula, kupokea digrii ya heshima. Panawekwa alama panapohusika, kadi inatumwa. Hilo la kuponya ugonjwa ndilo linalonichekesha. Ina maana waliomwomba walikuwa wengi hadi ikabidi lichapishwe.

Makala yake ya 1979 ilisema nini hata ikumbukwe mpaka leo?

Septemba 1979 jarida la Scientific American lilitoa toleo zima kuhusu ubongo, na Crick akapewa nafasi ya kutazama uwanja wote kama mtu wa nje. Alisema kwa upole kwamba data zimejaa, ila hakuna fremu ya mawazo ya kuzipanga. Alionya pia juu ya kosa la kudhani kuna kijitu kidogo ndani ya kichwa kinachokaa kutazama picha zinazoletwa na macho. Maana kijitu hicho nacho kitahitaji kichwa, na ndani yake kijitu kingine, na safari haina mwisho.

Kisha akaagiza vifaa, kama mtu anayeandika orodha ya sokoni. Alitaka njia ya kudunga seli moja ya neva rangi ikasambaa kwa zote zilizounganishwa nayo. Alitaka na njia ya kuzima seli za aina moja tu, nyingine zote zikabaki zinaendelea na shughuli zao. Wakati huo ukichomeka waya wenye umeme kwenye ubongo unashtua kila kitu jirani: ni kama kutaka kuzungumza na abiria mmoja kwa kupiga honi ya basi.

Mwaka 1999 aliongeza kwamba pengine chombo bora cha kuwashia na kuzimia kingekuwa mwanga, na akakiri mwenyewe kwamba wazo hilo linasikika la mbali. Mwaka 2002 Gero Miesenböck na wenzake waliweza kufanya neva ziitikie mwanga. Mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Stanford, kina Edward Boyden na Karl Deisseroth wakachukua protini kutoka kwa mwani wa kijani wa seli moja, Chlamydomonas, wakaipandikiza ndani ya seli za neva, na seli zikawa zinafyatuka zikimulikwa mwanga wa bluu, kwa usahihi wa sehemu ya elfu ya sekunde. Leo mbinu hiyo, optojenetiki, imeenea kwenye maabara duniani kote. Crick alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Ni kweli alisema tunaota ili tusahau?

Ndiyo, pamoja na Graeme Mitchison, kwenye Nature mwaka 1983. Hoja yao ilitokana na mitandao ya neva ya kwenye kompyuta. Mtandao ukiujaza kumbukumbu kupita kiasi huanza kuzichanganya: unautajia Asha, unakuletea uso wa nusu Asha nusu Zuhura. Wakadhani usingizi wa ndoto ni wakati ambapo ubongo unajishtua ovyo, kisha unadhoofisha miungano yoyote ya bandia inayojitokeza. Katika toleo lile lile John Hopfield, mwanafizikia mwingine, na wenzake walionyesha kwamba mtandao wa kompyuta ukifanyiwa usahaulishaji wa namna hiyo hukumbuka vizuri zaidi.

Mabibi zetu hutaka ndoto isimuliwe asubuhi kabla haijapotea, ipatiwe maana. Crick na Mitchison walishauri kinyume chake: ukiing'ang'ania ndoto huenda unakirudisha kile ambacho ubongo ulichagua kukitupa. Bibi yangu asingewasikiliza.

Dhana yenyewe haikuthibitishwa. Utafiti uliofuata umeonyesha zaidi jinsi usingizi unavyoimarisha kumbukumbu, ingawa wazo kwamba usiku ubongo pia hupunguza nguvu ya miungano yake bado liko mezani.

Anaposema "fahamu" anamaanisha nini?

Kile unachokipoteza ukizirai na kukirudisha ukizinduka. Kwenye hospitali zetu wanasema mgonjwa "hana fahamu", na kila mtu anaelewa. Crick hakutaka kuanza na tafsiri ndefu. Alisema watu wa jeni hawakusubiri mpaka wakubaliane maana ya uhai ndipo waanze kazi. Chukua mfano mmoja ulio wazi uanze nao.

Hapa nina jambo langu. Sisi neva tunaiita "mshipa wa fahamu". Jina hilo limekaa vinywani kwa muda mrefu hata hatulisikii tena, lakini litazameni: limeshaiweka fahamu ndani ya mshipa. Kitabu ambacho Crick alikitoa mwaka 1994 kwa kishindo, akidai kwamba furaha zako, huzuni zako, kumbukumbu zako na hisia kwamba wewe ni wewe si kingine bali mwenendo wa kundi kubwa mno la seli za neva, kilikuwa na mshangao hadi kwenye jina lake, The Astonishing Hypothesis, yaani dhana ya kushangaza. Mswahili angeweza kumjibu: mbona ndivyo tunavyouita mshipa wenyewe? Ila tungekuwa tunadanganya kidogo, maana tumebaki pia na roho na nafsi, na hatuko tayari kuzirudisha.

Naweza kujionea mwenyewe jambo alilokuwa akilifuatilia?

Unaweza, kwa kalamu na karatasi. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto. Upande wa kulia, sentimita 8 kutoka hapo, chora nukta nene ya ukubwa wa punje ya choroko. Shika karatasi kwa urefu wa mkono. Fumba jicho la kushoto, kodoa msalaba kwa jicho la kulia na usiliachie likatoroka. Sasa ivute karatasi polepole kuja usoni. Ikifika kiasi cha sentimita 30, nukta itatoweka. Isogeze tena, itarudi.

Ilipopotea, picha yake ilikuwa imeangukia pale mshipa unapotokea nyuma ya jicho, ambapo hapana seli za kupokea mwanga. Kila mwenye jicho ana shimo hilo maisha yake yote. Swali la Crick ni hili: mbona huoni shimo? Mahali pa nukta uliona karatasi nyeupe. Rudia jaribio kwenye karatasi ya daftari, utaona hata mistari imepita pale bila kukatika. Kuna kitu kichwani kinatengeneza kile unachokiona, halafu kinakupa kana kwamba umekiona. Crick alitaka kujua ni seli zipi zinazofuata ukweli wa karatasi, na zipi zinazofuata kile unachodhani unaona. Hizo za pili ndizo alizozitafuta mpaka mwisho.

Christof Koch ni nani katika habari hii?

Mshirika wake, aliyezaliwa 1956, mdogo kwa miaka 40, naye pia alisomea fizikia. Mwaka 1990 walitoa makala yao ya kwanza ya pamoja kuhusu fahamu, na kwa watafiti wengi ndiyo iliyofungua mlango. Kabla ya hapo mwanasayansi kijana aliyesema anachunguza fahamu alijiharibia kazi. Lilikuwa jambo la kuachiwa wanafalsafa na wazee waliostaafu. Crick alikuwa mzee na alikuwa na Nobeli, hakuwa na cha kupoteza, na aliutumia upenyo huo kuwaingiza wengine.

Walichagua kuona kwa macho kwa sababu ndiko kulikokuwa na data nyingi, na nyani wanaona karibu kama sisi. Dhana yao ya mwanzo ilikuwa kwamba seli zinazohusika na kitu kimoja hufyatuka kwa pamoja, kiasi cha mara 40 kwa sekunde, na mdundo huo ndio unaofunganisha rangi, umbo na mwendo kuwa kitu kimoja. Ikavuma, ikaandikwa magazetini. Baadaye wao wenyewe waliacha kuamini kwamba mdundo peke yake unatosha, wakasema hivyo hadharani. Mwaka 1995 wakadai kwamba eneo la kwanza la gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, linalopokea habari za macho halihusiki moja kwa moja na kile tunachojitambua kukiona. Hilo bado linabishaniwa.

Mwaka 1998, mjini Bremen, Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya wazi ya fahamu kwenye neva itakuwa imepatikana. Juni 2023, New York, Koch alilipa kreti ya mvinyo.

Alikuwa mkana Mungu?

Ndiyo, na hakuficha. Aliacha kwenda kanisani akiwa mvulana. Mwaka 1961 alijiuzulu uanachama wa Churchill College, Cambridge, kwa sababu chuo kilikubali kujenga kanisa, na alimwandikia Winston Churchill barua ya kejeli ambayo sitaieleza hapa kwa kuwa watoto nao wanasoma. Wapo wanaomkataa kwa hilo peke yake. Kwangu mimi, mtu anaweza kukubali vipimo vyake kuhusu macho na neva bila kumfuata alikoenda navyo; Koch mwenyewe alilelewa Mkatoliki.

Ni kweli alikuwa na mawazo ya kibaguzi?

Sitalipamba. Mwaka 1962, kwenye kongamano moja London, alihoji hadharani kama watu wana haki ya kuzaa watoto wanavyotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barua zake zinaonyesha akiwatetea waliodai kwamba tofauti za vipimo vya akili kati ya watu weusi na weupe Marekani zinatokana na jeni, na akipinga utafiti wa aina hiyo kuzuiwa. Aliyefumbua lugha ya jeni hakuwa na ushahidi wa jeni wa kusimamishia maneno hayo. Alikuwa akiwataka wenzake wathibitishe kila kitu, na hapa hakujitaka yeye mwenyewe. Anayemfundisha Crick darasani amfundishe na hili.

Fizikia ilimsaidia nini kwenye ubongo?

Si milinganyo. Makala zake za ubongo karibu hazina hesabu. Ilimpa ujasiri wa kuuliza swali kubwa kwa umbo dogo: usiulize fahamu ni nini, uliza ni tofauti gani kati ya seli hizi na zile wakati nukta inapotoweka. Ilimpa pia tabia ya kutoiabudu data. Alipenda kusema kwamba nadharia inayokubaliana na data zote ni ya kutiliwa shaka, kwa kuwa baadhi ya data lazima ni za makosa.

Lakini jambo alilolirudia zaidi lilikuwa onyo kwa wanafizikia wenzake. Fizikia imejengwa juu ya sheria chache, safi, na mwanafizikia hufundishwa kwamba jibu rahisi na zuri ndilo la kweli. Kwenye viumbe, alisema, mazoea hayo ni hatari. Mwili haukuchorwa na mhandisi mezani. Umeungwaungwa kwa muda mrefu, kila kizazi kikibandika juu ya cha nyuma, kama nyumba inayoongezwa chumba kila mtoto akioa: mlango wa jikoni unaishia chumbani, na hakuna anayekumbuka kwa nini. Anayetafuta mlinganyo mmoja mzuri wa ubongo huenda anatafuta ramani ya nyumba ambayo haikuwahi kuwa na ramani. Yeye mwenyewe alijifunza hilo kwa gharama: mwaka 1957 alibuni maelezo mazuri mno ya lugha ya jeni, "yasiyo na koma", yaani yasiyohitaji alama ya kutenganisha fungu na fungu, yaliyotoa idadi ya asidi za amino, 20 kamili. Yalikuwa mazuri, na hayakuwa ya kweli.

Wapo wanafizikia wengine waliohamia huko?

Wengi. Georg von Békésy, aliyeeleza sikio la ndani, Nobeli 1961. Erwin Neher, aliyepima mkondo wa umeme wa mlango mmoja wa seli, Nobeli 1991. Hopfield tuliyemtaja juu, Nobeli ya fizikia 2024 pamoja na Geoffrey Hinton. Terrence Sejnowski, aliyekuja kuwa jirani yake Crick pale Salk.

Ana uhusiano wowote na Afrika?

Kupitia rafiki. Sydney Brenner, aliyezaliwa Germiston, Afrika Kusini, mwaka 1927, alikaa naye ofisi moja Cambridge kwa miaka kama 20, na pamoja walionyesha mwaka 1961 kwamba jeni husomwa kwa herufi tatu tatu. Brenner naye alihamia kwenye neva, tena kabla ya Crick. Akachagua mnyoo wa milimita moja mwenye seli za neva 302, akasema tuanze na hizi. Crick akaenda kwenye ubongo wa binadamu, wenye takribani bilioni 86. Wa mnyoo alipata Nobeli yake mwaka 2002. Kukaa ofisi moja si kuwa na subira moja.

Alikuwa akifanya nini mwishoni?

Mwaka 2001 aligundulika na saratani ya utumbo mpana. Aliendelea kusoma. Kilichomshika miaka hiyo ni klaustramu, kipande chembamba cha seli kilichojificha chini ya gamba la ubongo, kimoja kila upande, ambacho karibu hakuna aliyekijali. Kilichomvutia ni waya zake: kinapokea kutoka karibu kila eneo la gamba na kinarudisha huko huko. Yeye na Koch wakakifananisha na mwongozaji wa okestra, ambaye hapigi ala yoyote lakini bila yeye fidla na kanuni kila moja inakwenda zake.

Siku aliyofariki alikuwa bado anasahihisha mswada wa makala hiyo. Ilichapishwa mwaka 2005. Mwaka 2014 madaktari Marekani waliripoti mgonjwa mmoja wa kifafa ambaye walipompitishia umeme karibu na klaustramu aliganda kimya, macho wazi, hajibu. Walipouzima akaendelea na hakumbuki kitu. Ni mgonjwa mmoja tu, na sehemu ya ubongo wake ilikuwa imeshaondolewa, kwa hiyo tusikimbilie. Majivu ya Crick yalimwagwa Pasifiki.

Medali yake ya Nobeli iko wapi?

Familia iliiuza kwa mnada mwaka 2013, zaidi ya dola milioni 2. Siku moja kabla ya hapo karatasi nyingine yake ilikuwa imeuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 6. Ni barua ya kurasa saba, ya tarehe 19 Machi 1953, kwa mwanawe Michael, mwenye miaka 12, aliyekuwa shule ya bweni. Nature ilikuwa bado haijachapisha chochote. Ilibaki zaidi ya mwezi. Lakini Crick hakuweza kunyamaza. Akamchorea mtoto ngazi na vipande vyake, akamweleza jinsi uhai unavyojinakili, akamwambia aisome vizuri mpaka aelewe, na kwamba akija nyumbani atamwonyesha modeli.

Michael alikuwa kitandani kwenye chumba cha wagonjwa shuleni, ana mafua, alipoisoma.